Siku Msambweni Ilipokuwa Muskati

Siku niliyooa, nyumba ya baba mkwe wangu kule Kikoneni ilikuwa imepakwa chokaa upande mmoja tu. Upande wa barabarani ulikuwa mweupe mpaka macho yanauma, na pande tatu zilizobaki zilikuwa udongo mtupu, na alama za mbuzi waliokuwa wakijikuna hapo tangu mvua za mwaka uliopita. Mimi sikujua. Nilikuja kwa njia ya mbele, nimevaa kanzu ya kuazima iliyonifika chini kidogo ya magoti, nikauona ukuta ule nikasema moyoni, wallahi Hamisi, leo umeoa kwa watu. Baada ya kula nikaenda msalani, nyuma ya nyumba. Ndipo nilipoona.

Nikarudi nikamtafuta fundi wa chokaa. Alikuwa mzee mmoja mfupi mno, amekaa anakula pilau bila haraka, brashi yake ya makumbi ameiweka kando kama bunduki ya askari aliyepumzika.

"Mzee, shikamoo. Mbona kule nyuma hukupaka?"

"Marahaba. Harusi imeingilia wapi?"

"Huku mbele."

"Basi," akasema, akaendelea kula.

Huyo ndiye Mzee Kombo. Mwezi haukuisha nikaenda kuomba kazi kwake, kwa sababu nilikuwa na mke sasa, na shule nilikuwa nimeiacha darasa la tatu. (Kwa hivyo mkikuta maneno yangu yamepindana, yanyosheni wenyewe.) Nilifanya naye kazi zaidi ya miaka ishirini, kuta za Gazi, za Msambweni, mpaka kule Vanga. Huwezi kupaka ukuta wa mtu kisha usimjue. Unajua nani ana ufa, nani ana mchwa, nani hasemezani na jirani yake, nani amejenga hadi kwenye kiwanja cha nduguye. Tulipomaliza tulikuwa na nyumba zote za pwani hii kichwani, mimi na yeye, kama vile wengine walivyo na aya.

Naeleza harusi yangu kwa sababu nyinyi vijana mnaotafutia watu wa sinema mahali pa kupigia picha, nyinyi wenye droni na simu za macho matatu, mmeniuliza nilijifunzia wapi kazi ile. Nilijifunzia pale, nyuma ya nyumba ya baba mkwe. Sinema ni harusi inayoingilia upande mmoja. Yaliyobaki ni mbuzi.

Na mmeniuliza pia kwa nini niliacha. Hilo nitalisema, lakini si haraka, kwa sababu ni habari ya jinsi nilivyokaribia kukosa watu wa kunizika. Mgeni atacheka. Kwetu majirani wakikukasirikia kwa kweli hawakupigi wala hawakutukani. Wanakwambia tu, siku yako ikifika utajibeba mwenyewe.

Niliingia hivi. Mama mmoja kutoka Nairobi alikuwa amefikia hoteli moja ya Diani, anatafuta ukuta mkongwe wa mawe ya matumbawe. Vijana wa ufukweni walimzungusha kwa tuk-tuk siku mbili wakimwonyesha kuta za hoteli. Askari wa getini, ambaye ni mpwa wa mke wangu, akamwambia, kama unataka ukuta muulize yule mzee anayekuja kupaka. Kesho yake nilimwonyesha kuta kumi na moja kabla ya saa sita, na kila ukuta na habari za mwenyewe. Tangu siku hiyo nikaitwa Babu Lokesheni.

Sasa sikilizeni, kwa sababu haya hayamo kwenye simu.

Ukienda kuomba nyumba, usimalizane na mwanamume. Mwanamume atakubali papo hapo, atakukaribisha na maji ya madafu, halafu siku ya kazi mnafika na magari manne mnakuta mkewe ameanika mihogo mbele ya mlango na hana habari na nyinyi. Mwone mama. Na mama akikwambia "ngoja nifikirie", ngoja.

Ukuta utazame saa ile ile mtakayoupigia picha. Mimi niliwahi kuwaonyesha ukuta wa Gazi asubuhi, umependeza, kila mtu anasifu. Wakaja alasiri. Jua lilikuwa limehamia nyuma, ukuta mweusi kama sufuria ya msikitini.

Uliza nani anafuga jogoo. Halafu usiridhike, uliza tena.

Na maji ya bahari usiyakisie. Kuna wakati Diani ilikuwa Miami. Waliweka meza na viti vyeupe juu ya fungu la mchanga, mwanamke akae pale alie kwa sababu mume wake amegundulika kuwa jasusi. Mimi nikasema maji yatajaa saa tisa. Kumbe nilikuwa nimehesabu maji ya keshokutwa. Saa saba na nusu viti vikaanza kusogea vyenyewe. Yule mwanamke alikuwa mwigizaji hodari, aliendelea kulia hadi maji yakamfika kifuani, na mwongozaji anapiga makofi. Viti vitatu tuliviona jioni kwa wavuvi wa Chale, wamevikalia, wananipungia mkono.

Kazi yetu nyingi ilikuwa hizo hadithi za majasusi, watu wa kufukuzana. Hadithi inasema jambo limetokea mji fulani wa mbali, lakini mji wenyewe ni ghali, au hawapati vibali, au kuna vita. Basi wanakuja Kwale. Vichochoro vya Ukunda nimevifanya Karachi. Samburu, pale kwenye barabara ya Nairobi, tuliifanya Meksiko siku tatu, kwa sababu hakuna minazi na malori hayakosekani. Kibanda cha chakula cha Bi Riziki kilipakwa rangi ya chungwa, wakakiandika maneno ya Kihispania, wakampa kofia kubwa. Madereva wa malori wakisimama kwa ugali wanaona Wazungu wenye bastola, wanaendelea hadi Mariakani. Tulipomaliza, nikaenda na brashi kumrudishia rangi yake.

"Ondoka na hiyo brashi," Bi Riziki akaniambia.

"Bi Riziki, ndiyo makubaliano."

"Makubaliano yalikuwa kabla sijapendeza."

Mpaka leo ukienda Samburu unakula maharagwe ndani ya Meksiko.

Mambo haya yote nilikuwa nampelekea Mzee Kombo. Alikuwa amezeeka sasa, haendi kazini, anakaa barazani kwake Msambweni na redio. Alikuwa akicheka hadi anashika ubavu. "Hamisi," akasema, "mimi nilipopaka upande mmoja niliitwa mvivu. Wewe unapaka upande mmoja unafuatwa na gari."

Basi ikaja Muskati.

Hadithi ilikuwa ya jasusi wa Kizungu aliyeiba karatasi za siri huko Muskati. Mji mzima unamtafuta. Anajificha ndani ya jeneza, anabebwa kama maiti, anapitishwa mbele ya maadui zake mpaka kwenye gari linalomngoja ufukweni. Muskati yenyewe sijafika. Lakini niliwapata kichochoro Msambweni, kuta mbili ndefu zinatazamana na mlango wa nakshi katikati, na kuta zote mbili tulizipaka sisi, mimi na Mzee Kombo. Nikaondoa madishi ya televisheni, nikaondoa tangazo la saruji, nikamwomba Mzee Bakari aanue suruali zake. Nikabisha hodi kila mlango wa kichochoro kile nikawaeleza: leo mtaona jeneza, msishtuke, ni mchezo.

Hapo nilikosea. Niliwaeleza wenye nyumba, sikuwaeleza wapita njia.

Na kosa lingine lilikuwa nyumbani. Mzee Kombo alikuwa amelala kitandani wiki ya tatu. Kila asubuhi gari la sinema lilinipitisha mbele ya baraza lake na mimi niko dirishani na redio ya mkononi kifuani.

"Umemwona Mzee Kombo?" mke wangu Mwanasiti aliniuliza.

"Kesho nitaingia."

"Kesho ya nani, Hamisi?"

Siku ya kazi tulianza na balaa. Jeneza lilikuwa limechongwa na fundi wa Diani anayetengeneza vitanda vya jua vya hoteli, zuri kwa macho, mbao laini. Na yule nyota wa sinema alikuwa mtu wa kimo kisicho na adabu, tukamwita Bwana Miguu kwa sababu kila tulipomlaza miguu ilibaki nje. Akapanda, akajilaza, wakamwinua, sakafu ya jeneza ikatoka. Akabaki chini mchangani, na wabebaji wamebeba fremu.

Msaidizi wa mwongozaji alikuwa binti wa Nairobi, Shiko, mwenye kofia na maneno ya haraka. Akanijia mbio.

"Babu, tuko na masaa mbili tu kabla jua litoke hii kichochoro. Hii ngoma itaenda aje? Kuna jeneza ingine hapa mtaani?"

Lipo. Kila mtu anajua lipo. La msikiti, la mti wa mvule, hukaa kwenye kibanda nyuma ya msikiti na kila mtu hulitumia kwa zamu yake. Ufunguo anao Maalim Sudi.

Nilimkuta anafagia.

"Assalamu alaikum, Maalim."

"Wa alaikum salaam. Umekuja kuswali au umekuja na sinema?"

Nikamweleza. Akaegemea ufagio. Nikajua anakumbuka kwamba msikiti ule tuliupaka kila mwaka, mimi na Mzee Kombo, bila kutaka chochote.

"Litabebwa na nini ndani?"

Wanangu, hapa ndipo nilipodanganya. Nimepaka kuta upande mmoja maisha yangu yote, lakini uongo ule niliupaka pande zote nne.

"Tupu, Maalim."

"Tupu?"

"Tupu kabisa."

Akanipa ufunguo. Akaushikilia kidogo kabla ya kuuachia. "Lirudi kabla ya adhana ya alasiri. Likichelewa, au likirudi na jambo, mimi na wewe basi. Siku yako ikifika utajibeba mwenyewe, na mimi ndiye nitakayewaambia watu wasitoke."

Nikarudi nalo. Bwana Miguu akajilaza, tukamfunika kitambaa cha kijani, miguu ikabaki nje kidogo, mwongozaji akasema haionekani. Shiko akapita na kikapu akakusanya simu za kila mtu zizimwe, isije moja ikalia katikati ya Muskati. Yangu pia. Hilo mlikumbuke, kikapu kile.

Wabebaji walikuwa wanane, vijana wa Ukunda wa kuja, wawili hata si Waislamu. Kazi yao: hatua hamsini kutoka mlango wa nakshi hadi kwenye kona, kisha mwongozaji anasema kata. Bwana Miguu ameambiwa asitikisike hata kidole mpaka asikie neno hilo.

Wakaanza. Vizuri tu. Hatua ya kumi akatokea mzee na baiskeli. Akaliona jeneza. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia akaivaa vizuri, akaja akatia bega.

Sasa nyinyi mnajua kwetu. Jeneza likipita huulizi la nani kwanza. Unatia bega, unabeba hatua chache, unampokeza mwingine, ni thawabu. Yule mzee akamsogeza kijana wa Ukunda kando kwa upole, na kijana atafanya nini mbele ya mzee? Akatoka. Wakatokea wawili kutoka sokoni. Wakatokea wanne wenye mikono ya unga kutoka kwa mwoka mikate. Kisha watu wakawa wanakuja mbio, kwa kundi, wengine wamevaa kanzu tayari, wanaulizana:

"Mbona wamewahisha? Si tuliambiwa alasiri?"

"Twende, twende, maiti hacheleweshwi."

Mpaka kwenye kona hakukuwa na kijana wa Ukunda hata mmoja chini ya jeneza lile. Walikuwa wamesimama nyuma barabarani, wanane, mikono mitupu. Mwongozaji kwenye kamera alikuwa anakaribia kulia kwa furaha, akasema hajawahi kuona waigizaji wa mtaani wakiigiza namna ile. Akapaza sauti: kata!

Nani amsikie? Watu walikuwa wameshaanza *La ilaha illallah*, sauti sitini, sabini. Ufukwe na gari la jasusi vilikuwa kushoto. Wao wakapinda kulia, kwenda msikitini.

"Babu!" Shiko kwenye redio. "Hao wasee wanampeleka wapi staa wetu?"

Nikakimbia. Nikafika ubavuni mwa jeneza nikapiga kelele: "Simameni! Jamani simameni, si yeye!"

Muuza samaki mmoja, Salim, akanishika bega, macho yamejaa huruma. "Tulia, kaka Hamisi. Sote hatuamini."

"Salim, nakwambia humu ndani si yeye!"

"Ndivyo ilivyo. Kilichobaki ni kiwiliwili tu, yeye ameshakwenda."

"Nani ameshakwenda?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili. "Mzee Kombo. Si mkeo amekupigia simu tangu saa tano?"

Simu yangu ilikuwa kwenye kikapu.

Sijui nilitembea vipi hatua zilizofuata. Nasikia watu wakisema, mpisheni, mpisheni, huyu ndiye mwanafunzi wake, mpeni nafasi. Wakaniweka mbele. Nikajikuta chini ya jeneza, bega langu limebeba mti wa mvule, nalia kwa ajili ya Mzee Kombo, na karibu na sikio langu kuna soksi ya Mzungu. Mtu nyuma yangu akanong'ona: "Mzee Kombo alikuwa mfupi, sivyo?" Mwenzake akamjibu: "Maradhi hunyosha."

Nilitaka kumwambia Bwana Miguu ajitingishe. Kisha nikafikiri, akijitingisha sasa, wazee watano hapa watakufa, na jeneza ni moja. Nikanyamaza. Nikabeba.

Mlangoni mwa msikiti alikuwa amesimama Maalim Sudi. Pembeni yake Athumani, mtoto mkubwa wa Mzee Kombo, na wanaume watatu, wamekuja kuchukua jeneza waende nalo nyumbani, ambako baba yao ameshaoshwa na kuvishwa sanda anangoja. Walikuwa wamekuta kibanda kitupu. Na sasa jeneza linawajia lenyewe, na mji mzima nyuma yake.

Tukaliteremsha. Zikri ikanyamaza. Maalim Sudi akanitazama, akaitazama ile miguu, akanitazama.

"Tupu," akasema.

Na kwa kuwa sauti zilikuwa zimekwisha na jeneza limetulia, Bwana Miguu akaona kazi imekamilika. Akakifunua kitambaa, akakaa, akatabasamu, akatuinulia kidole gumba kuuliza kama imetoka vizuri.

Sitaeleza mbio zile. Makubadhi yaliyobaki pale yangejaza duka. Yule mzee wa baiskeli alikimbia bila baiskeli na alipatikana kwenye kituo cha mafuta, anaswali kwa kuelekea pampu. Salim muuza samaki alipanda juu ya tangi la maji, na ngazi hakuna. Bwana Miguu mwenyewe, kuwaona watu wanakimbia, akashtuka naye akakimbia, akiburura kitambaa cha kijani, na hilo halikuwasaidia waliokuwa mbele yake.

Tukabaki watu wachache. Nikasubiri Maalim Sudi aniambie lile neno lake mbele ya mashahidi. Nilikuwa nastahili. Nilikuwa nimelikodolea macho jeneza lile, nikiona wazi nikiwa mle ndani, na hakuna mtu barabarani.

Aliyeanza ni Athumani. Mabega yalimtetemeka, nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, anashika ubavu vile vile kama baba yake.

"Ami Hamisi," akasema, "kila Idi baba alikuwa anatusimulia harusi yako na ule ukuta wa upande mmoja. Kila Idi. Jana usiku aliuliza kama umekuja na habari mpya ya sinema. Sasa hii ya leo nani atampelekea?"

Nikachukua ndoo, nikafungua bomba la msikiti, nikaliosha jeneza lile lote, ndani na nje, juu na chini ya uvungu ambako hakuna mtu anayetazama. Maalim Sudi alisimama akiniangalia nikiosha.

Shiko akafika anahema. "Babu, mwongozaji anasema tumepata kila kitu isipokuwa kona. Turudie mara moja tu, jua bado liko poa—" Akaona ndoo. Akamwona Athumani. Akavua kofia. "Pole, babu," akasema taratibu.

Kifuani kwangu redio ikakoroma: "Babu Lokesheni, uko wapi? Babu Lokesheni, tunakungoja kwenye kona."

Nikaivua, nikaiweka juu ya baraza la msikiti, bado inasema. Watu walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja, wanatafuta makubadhi yao, wanalichungulia jeneza kwanza kwa mbali. Safari hii lilikuwa tupu kweli. Athumani na mmoja wa wale watatu wakashika nyuma. Mbele kulia nikashika mimi. Mbele kushoto palikuwa wazi, na hakuna aliyesogea.

Maalim Sudi akakunja mikono ya kanzu yake, akaja akainama pale.

"Tia bega," akaniambia.

Tukainua. Redio niliisikia ikiniita hadi tulipofika kwenye njia panda. Kushoto yalikuwa magari yao, kamera, na kiti changu chenye jina. Tukapinda kulia, kwa Mzee Kombo, na mimi huko kushoto sikurudi tena.